Kompyuta Iliyozoea Kuanguka

Jumanne saa nane mchana niliketi mezani, nikafungua kompyuta yangu, nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa ndogo ya pembeni ikawaka, feni ikazunguka kidogo, kisha kila kitu kikazima. Nikabonyeza tena. Vilevile. Mara ya tatu hata ile taa haikudumu. Nikachomeka chaja, nikajaribu mara ya nne, na mara ya tano nikakandamiza kitufe kwa muda mrefu mpaka ukucha ukaniuma. Kioo kilibaki cheusi, nami nikajiona ndani yake nimeachama.

Ijumaa saa sita mchana ndiyo ilikuwa saa ya mwisho ya kupeleka tasnifu yangu.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi katika kituo cha afya upande wa Nyakiriba, Rwanda, na kwa miaka miwili, siku za mapumziko, nilikuwa nikisomea shahada. Nilichagua kuandika juu ya akina mama wanaoacha kuleta watoto kupimwa uzito: kwa nini wanaacha, nani anawakataza, nini kinawachosha. Nilikuwa nimezungumza na wanawake zaidi ya thelathini, mmoja mmoja, jikoni kwao au pembeni mwa mashamba ya viazi. Wengine walinieleza mambo ambayo hawakuwahi kumweleza hata dada yao. Sauti zao nilizirekodi kwa simu, na simu ilipojaa nikazihamishia kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu. Flashi niliyokuwa nayo ilikuwa na nakala ya miezi mitatu nyuma, nusu ya kazi. Kuhusu kuzihifadhi mtandaoni, kila wiki nilijiambia wiki ijayo nitanunua kifurushi kikubwa.

Sikuwa na hofu, na sababu ya kukosa hofu ilikuwa kompyuta yenyewe. Niliipata kwa kaka yangu wa Kigali, imeshatumika, nene na nzito. Siku moja pikipiki iliteleza kwenye mteremko wa udongo uliolowa, mimi nikaangukia huku, begi likaangukia kule, likabiringika mpaka mfereji. Kona ya mfuniko ilimeguka, lakini mashine iliwaka. Mwaka ule mlima wa upande wa Goma ulipotema moto na ardhi ikawa inatetemeka siku baada ya siku, ilidondoka kutoka juu ya kabati hadi kwenye sakafu ya saruji, na pasi ya chuma ikaiangukia juu. Ilipata kovu tu. Kazini mtoto aliwahi kuitapikia mgongoni, nikaipangusa, tukaendelea. Wenzangu walikuwa wakinitania kuwa siku ya kiyama itabaki peke yake mezani. Nami nilijisifia nayo, kama vile ugumu wake ulikuwa kazi ya mikono yangu.

Sasa ilikuwa imekufa bila kuanguka popote.

Mume wangu alirudi kutoka ofisini saa kumi na moja, akanikuta bado nimeketi palepale.

"Umeifanya nini?" nikamuuliza kabla hajavua koti.

"Nimefanya nini kitu gani?"

"Kompyuta. Jumapili ulikuwa unatazama mpira."

Akaja, akaitazama, akabonyeza kitufe. "Jumapili niliiacha nzima. Niliizima, nikaiacha wazi hapo mezani. Tangu hapo mi sijaigusa."

"Nzima namna hii?"

"Mama watoto, nimekuambia sikuigusa."

"Basi imejiua."

Maneno hayo niliyasema kwa sauti ambayo sijazoea kuitumia nyumbani. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu watatu tu: mimi, yeye, na mama yake mzazi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono ameifunika kwa kitenge. Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, kwenye milima yenye barabara mbovu za kona nyingi, akaolewa huko, akawa mjane huko, na alipovuka kuja Rwanda alikuja na watoto wanne na Kiswahili cha kule. Mimi nililelewa Karagwe, Tanzania. Kwa miaka kumi na saba tumekuwa tukichekana matamshi, 'njo' yake na 'ndiyo' yangu. Jioni ile hakucheka. Alitazama nje, akasema, "Vitu ya umeme iko vile. Inakufa yenyewe."

Mume wangu alikula chakula chake, akaenda kulala mapema, na asubuhi aliondoka bila kuniaga. Nilijua nimemkosea kama kweli hakuigusa. Lakini kama hakuigusa yeye, nani? Nilipendelea kumkosea kuliko kukaa na swali lisilo na jibu.

Jumatano asubuhi niliomba ruhusa kazini. Mwenzangu mmoja alinielekeza kwa fundi aliyeko karibu na mpaka mdogo wa kuvukia Goma, katika chumba nyuma ya duka la vitenge. Nilitarajia mwanamume. Nikakuta dada wa miaka thelathini hivi, amefunga kilemba cha kijani, taa ya kichwani imewashwa ingawa jua lilikuwa linaingia mlangoni. Ni mzaliwa wa Goma, na shangazi zake wangali huko. Nilipoweka kompyuta mezani hakuifungua. Alinitazama mimi kwanza.

"Ilianguka?"

"Mara nyingi. Ila siyo safari hii."

"Ulijaribu kuwasha?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tano."

Akafumba macho. "Eh, dada. Mara tano. Na chaja?"

"Mara mbili za mwisho."

Aligeuza kompyuta, akachomoa betri, akashika bisibisi. Skrubu ndogo alizipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wa zilikotoka. Mimi nilisimama ingawa kiti kilikuwapo. Aliponyanyua kibodi ilitoa mlio mdogo, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Akainamia pale chini, akagusa kwa kidole, akakinusa.

"Ilimwagikiwa," akasema.

"Na nini? Hakuna aliyemwaga maji."

"Hapana maji. Maji ingekauka. Hii inanata." Akageuza kibodi niione. Chini yake kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia nyepesi, na pembeni, penye vinukta vya shaba, palikuwa pameanza kuota kitu cha kijani. "Ni chai ya maziwa. Iko sukari mingi, na iko tangawizi. Nusa."

Nikainama, nikanusa, na kabla sijainuka nilikuwa nimeshajua.

Mume wangu hanywi chai, haipatani na tumbo lake. Mimi nakunywa chai ya rangi, bila sukari. Katika nyumba yetu mtu mmoja tu ndiye anayechemsha maziwa na majani pamoja, akaponda tangawizi kwa mwiko, akatia sukari vijiko vitatu.

"Unaumwa?" fundi akaniuliza.

"Hapana. Endelea."

Alinieleza kwa upole lakini hakunificha. Kuanguka, alisema, kompyuta nyingi zinavumilia, hasa hizi za zamani zilizo nene. Kinachoziua ni kinywaji, na kinachomalizia ni mwenyewe kuwasha na kuwasha. Ningeizima, nikachomoa kila kitu, nikaileta siku ileile, labda ingekuwa kusafisha tu. Ubao mkubwa wa ndani umeungua upande mmoja. Hakuniahidi kitu juu yake. Nikamwambia sihitaji ubao, nahitaji kilichomo. Akatoa diski, akaishikilia chini ya taa yake, akaigeuzageuza.

"Imefika na huku," akasema. "Kidogo. Kwenye kabao yake."

"Iunganishe na kompyuta yako tuone."

"Hapana."

"Jaribu mara moja tu. Naomba."

"Dada, nikiipa umeme sasa na ikiwa na unyevu, itakufa kabisa, na utakuwa umeiua mara ya sita. Nitaisafisha na spiriti, itakauka leo na usiku. Kesho saa tatu njo tutajua."

"Ijumaa saa sita natakiwa niwe nimepeleka."

"Donc, basi, kesho saa tatu," akarudia, kisha akaichukua brashi ndogo.

Nilitembea kwenda nyumbani kwa miguu. Ziwa lilikuwa upande wangu mmoja na sikulitazama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga maneno makali, nikayapunguza, nikayarudisha. Kwetu mtu hamkaripii mama wa mumewe. Lakini kwetu pia mtu hamwachi mwanawe akalaumiwa usiku kucha, yeye amekaa dirishani anasema vitu vya umeme vinakufa vyenyewe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata diski.

Nilimkuta barazani anachagua maharage kwenye ungo. Aliponiona akasimamisha mikono, akaificha chini ya ungo.

"Fundi anasema nini, mukazana wangu?" Hivyo ndivyo anavyoniita siku zote, mukazana, mke wa mwanawe.

"Anasema ilimwagikiwa chai."

Nilitegemea atakana, au ataniuliza chai gani. Alishusha macho kwenye maharage. Nami nikashusha yangu, nikaona sakafuni, kuzunguka kiti chake, maharage mengi mazima yaliyotawanyika, zaidi ya yanayoweza kumponyoka mtu kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimeyafagia hayo kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nimejisemea kuwa bibi siku hizi hana umakini.

Niliingia ndani, nikaketi kitandani na viatu vyangu. Hata mume wangu aliporudi sikumwambia kitu. Nilimtengea chakula, akasema asante, na hayo ndiyo maneno pekee yaliyopita kati yetu.

Alhamisi nilikuwa nafunga mlango wa mbele ili niende, nikasikia nyuma yangu, "Ngoja nivae viatu."

"Mama, ni mbali kidogo."

"Nimesema ngoja."

Alitembea polepole, mkono wa kulia ameuzungushia mtandio. Fundi alimpa kiti, akamwamkia, na nadhani alielewa kitu kwa namna sisi wawili tulivyokuwa tumesimama mbalimbali. Diski ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, imeunganishwa waya upande mmoja.

"Iko kavu," akasema. "Naipa umeme?"

Kabla sijajibu, mama mkwe akasema, "Kwanza nizungumze."

Fundi akaondoa mkono wake kwenye waya.

"Ni mimi," mama mkwe akasema. Alikuwa anamwambia fundi, si mimi. Naamini ilikuwa rahisi kwake kwa mtu asiyemjua. "Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi. Mvua ilikuja na upepo, dirisha ilikuwa wazi, na mashini yake ilikuwa kwenye meza, wazi. Nikasema italowa. Nikaenda kuitosha, kuitoa pale. Mukono huu ilishika kikombe, huu mwingine ilishika mashini. Ile ya kikombe ikakataa."

Akafungua mtandio, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa baridi wala wa hofu, ulikuwa na mwendo wake wenyewe, wa taratibu, usiomsikiliza mwenye mkono.

"Nikapanguza na kitenge," akaendelea. "Nikafunga, nikatia kwenye mufuko yake. Niliona haikulia, nikajua haikuumia."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" nikamuuliza. "Jumanne nilimtukana mwanao mbele yako."

"Nilisikia."

"Ungesema siku ileile, fundi angeiponya. Nimeiwasha mara tano bila kujua."

"Nilisikia na hiyo sasa." Akauvuta mkono, akaukalia kama mtoto anayekalia kitu alichokatazwa kushika. "Dada yangu mukubwa, mukono yake ilianza hivi. Wakaona. Wakamunyang'anya kikombe, wakamunyang'anya kisu, wakamunyang'anya sufuria. Mwisho walikuwa wanamulisha na kijiko, na watu wanaangalia. Mi nilisema yangu hawataiona. Iko mwaka na nusu naificha."

Mwaka na nusu. Mimi huyu, ambaye kazini namwona mgonjwa anaingia mlangoni na kabla hajaketi nimeshajua mkono upi hautumii. Hasira yangu haikuondoka pale, nisiwadanganye. Ilibaki, ila ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye, aibu, na sikujua nishike ipi.

"Bon, sawa," fundi akasema polepole. "Naipa umeme?"

"Ipe."

Akachomeka. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani kuliko hata yangu, na kwenye kioo hapakutokea kitu. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na mbili. Diski ikatoa mlio mwembamba, ikaanza kuzunguka, ikakwama, ikaanza tena. Fundi aliweka kidole juu yake kama anayepima mapigo. Kisha pembeni mwa kioo kikajitokeza kijisanduku, chenye jina nililokuwa nimeipa diski mimi mwenyewe.

Sikupiga kelele. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Imefufuka?"

"Bado, Mama," fundi akajibu. "Imefungua macho tu."

Akaanza kunakili. Alianza na maandishi, akayaacha mafaili ya sauti mwisho, kwa sababu, alisema, haijulikani itadumu dakika ngapi. Kamstari ka kijani kakasogea, kakasimama, kakasogea. Mara mbili diski ilipotea kabisa, akaichomoa, akaiacha ipoe, akaichomeka tena. Kila ilipopotea mama mkwe alikuwa anasema kitu kwa Kinyarwanda chini kwa chini, sala au tusi, sikuweza kutofautisha. Ilipofika saa tano na nusu diski ikagonga mara tatu kwa nguvu, ikanyamaza. Alijaribu tena na tena. Haikurudi.

"Tuone tulichopata," akasema.

Sura za mwanzo na mahojiano yote yaliyoandikwa yalikuwapo. Nilifungua moja moja, na wanawake wale wakaingia chumbani na maneno yao: yule aliyesema anaona aibu kupanga foleni na nguo ileile, yule ambaye mumewe alimwambia mizani ya hospitali inaloga watoto. Sauti tulipata kumi na moja tu. Sura ya mwisho, niliyoiandika Jumamosi na Jumapili, ilifunguka ikiwa herufi za ajabu ajabu, mstari baada ya mstari. Kurasa saba za hitimisho.

"Unazikumbuka?" fundi akauliza.

"Baadhi."

Akasogeza kiti chake, akanipa kompyuta yake. "Andika hapa. Mi nitafanya simu za watu leo."

Niliandika kuanzia saa sita mchana mpaka giza lilipoanza kuingia. Herufi moja ya kibodi ile ilikuwa inakwama, nikawa naipiga mara mbili. Mama mkwe alikataa kurudi nyumbani. Baadaye akaanza kuniuliza ninaandika nini, nikamsomea kipande juu ya wale wanaoacha kuja kwa sababu wamekaripiwa mara moja mbele ya watu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Njo hivyo," akasema. "Mutu anaficha mutoto nyumbani sababu ya aibu, na mutoto anazidi kugonjwa."

Niliiandika sentensi ile katika hitimisho kwa maneno yangu ya kisomi, na mpaka leo najua ni yake.

Ijumaa saa nne asubuhi nilituma. Msimamizi wangu akajibu kwa neno moja kwamba amepokea. Wiki chache baadaye nilisimama mbele ya watahini, wakanirudisha kusahihisha sura mbili, nikasahihisha, nikapita. Kompyuta yenyewe haikuwaka tena.

Kwa mume wangu haikuwa rahisi hivyo. Nilimweleza yote Ijumaa ileile, mbele ya mama yake, nikamwomba radhi. Akamshika mama yake mkono ule, akaushikilia mpaka ukatulia. Kwangu hakugeuka. Baadaye, tulipobaki wawili, akasema, "Siku tatu umenitazama kama mwizi. Mi nafahamu ulikuwa na hofu. Lakini uliamini haraka sana." Ilichukua zaidi ya wiki kabla hajanitania tena, na sikumharakisha.

Jumatatu nilimpeleka mama mkwe hospitali. Alivaa gauni lake la kanisani, akanionya nisimsemee. Daktari, kijana mpole, alimpa kalamu na karatasi, akamwomba achore mstari unaozunguka kama nyumba ya konokono. Aliishika kalamu kwa nguvu, akang'ata mdomo, akachora. Mstari ulipanda, ukashuka, ukakatana wenyewe, ukatoka nje ya karatasi. Akaitazama kazi yake.

"Daktari," akasema, "hii njo barabara ya Masisi."

Daktari alicheka mpaka akaondoa miwani, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza niliuona mkono ule ukitetemeka hadharani bila yeye kuuficha.